Mikono Nyuma: Nilivyomtengeneza Chura Bila Kumgusa

Nawaona mnavyonicheka. Kila nikipita hapo garajini kwenu Kasenga, hapa Uvira, mkiwa mmefungua kapo, kifuniko cha injini ya gari, mimi nasimama hatua tatu nyuma, mikono nimeifunga mgongoni kama askofu anayekagua kanisa jipya. Juzi mmoja wenu, yule mrefu mwenye kofia nyekundu, alimnong'oneza mwenzake: "Mzee anaogopa mafuta sasa." Sitamtaja jina, baba yake ni rafiki yangu. Lakini nilisikia. Uzee umenila magoti, macho na meno manne ya mbele, masikio umeyaacha.

Haya, zimeni hiyo redio. Nitawaambia kwa nini nashika mikono nyuma, halafu mtaamua wenyewe kama ni woga.

Mimi ni Sadiki, mtoto wa mwenye duka. Kwetu, tangu mababu walipofika ziwani hapa na misafara yao ya biashara, kila mwanamume aliuza kitu. Baba alinipa kazi ya kupima vitambaa. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi mteja aliingia akakuta duka halina mtu, mimi niko barabarani nimelala chini ya lori la watu. Baba alinishika sikio, akanivuta mpaka garaji ya mzungu mmoja karibu na bandari ya Kalundu, akasema, "Mchukueni, mimi nimeshindwa." Aliyenipokea hakuwa mzungu, alikuwa fundi wake mkubwa, Papa Kashindi. Mtu mfupi, mkristo wa kuimba kwaya, mikono yake minene kama mihogo ya Sange.

Uhuru ulipokuja, yule mzungu alivuka kwenda Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kupumzika wiki moja. Alimwachia Papa Kashindi funguo. Ile wiki haijaisha mpaka leo. Basi garaji ikawa yetu, na magari yote ya zamani waliyoyaacha wazungu yakawa wagonjwa wetu.

Ninyi mna kile kimashine mnachochomeka chini ya usukani, kinawaambia ugonjwa kwa namba. Sisi tulikuwa na ralanti. Ralanti ni ile sauti ya injini gari likiwa limesimama, mguu hauko kwenye pedali, injini inapumua yenyewe. Papa Kashindi alikuwa akisema, "Gari ikiwa inakimbia, inakudanganya. Isimamishe, uisikilize." Akija mtu na gari linalozimika, Papa alikaa juu ya kopo, akafumba macho, akawa kama anasali. Mwenye gari anaanza kukasirika, anafikiri fundi amelala.

Na yako mengi ya kusikia, wanangu. Injini ikitetemeka na moshi ukatoka mweusi, inakunywa kupita kiasi. Ikipiga mluzi, inavuta hewa ya wizi chini ya karburateri, chombo cha kuchanganya hewa na esanse, yaani petroli, pale inapoungana na injini. Hapo unalowesha kitambaa na esanse kidogo sana, unakipitisha kwenye maungio polepole, na pale sauti itakapobadilika ndipo kwenye tundu. Ikikimbia vizuri barabarani lakini inakufa mara tu unapoinua mguu, tafuta jikleri ndogo, kile kitundu chembamba ndani ya karburateri kinachopitisha esanse ya ralanti peke yake. Kifungue, kipulize kwa mdomo. Usikichokonoe na waya! Narudia: usikichokonoe na waya. Narudia kwa sababu nawajua.

Msidhani nilizaliwa nayajua haya. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua kichujio cha hewa cha gari la mfanyabiashara mmoja, nikafunika mdomo wa karburateri na kitambaa ili visi, zile skrubu ndogo, zisidumbukie ndani. Wazo zuri. Halafu nikarudisha kichujio juu ya kitambaa. Yule bwana alikwenda Sange na kurudi, gari linapanda vilima kama mgonjwa wa pumu. Papa alifungua, akakitoa kitambaa. Aliagiza chai. Akafunika glasi kwa kitambaa kile kile, akanisogezea.

"Kunywa."

"Papa, iko na mafuta."

"Gari ilikunywa vile mpaka Sange na kurudi. Weye nimekupa glasi moja tu."

Nikanywa. Ladha yake ningali nayo.

Lakini ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa mikono. Papa alikuwa amenipa turnavisi yake moja, bisbisi ya mpini mwekundu wa mbao, niliivaa mfukoni kifuani kama kalamu ya karani. Na kwenye karburateri kuna ile visi ya ralanti, mnaijua. Ukiikaza, injini inakimbia zaidi hata ikiwa imesimama, haizimiki tena, mteja anacheka, anakwenda zake. Ugonjwa unabaki pale pale, umefunikwa tu. Papa alinikataza mara mia. "Ile visi iko ya mwisho," alisema. Mimi nilikuwa naanzia nayo, kwa sababu ilikuwa karibu na turnavisi ilikuwa karibu na nilikuwa na njaa ya kusifiwa.

Ndipo waasi wakaingia Uvira. Wengine waliwashangilia, wengine walijificha, na wengi walifanya yote mawili siku moja. Wapiganaji walikuwa wamechanjwa chale na kupakwa dawa ili risasi ikiwagusa igeuke maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko mingi kuliko duka la baba lilivyokuwa na vifungo. Mwiko mkubwa ulikuwa kuguswa: mpiganaji akiguswa na mtu asiyechanjwa, dawa imekufa. Shofere wao Amisi nilikuwa nimekaa naye dawati moja shuleni. Sasa alinisalimia kwa mbali, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeogopa nitamwambukiza mafua.

Amisi aliendesha kamioneti ya kijani, gari dogo la mizigo lililoachwa na mzungu wa pamba kule uwandani. Tuliiita Chura, kwa rangi yake na kwa macho yake ya taa yaliyotokeza. Mwenye Chura sasa alikuwa Komanda, mkubwa wa waasi wa bandari, mtu mnene aliyeketi mchana kutwa kwenye bariere, kizuizi cha barabarani cha Kalundu, kukagua anayepita.

Chura alikuwa na ugonjwa wa ajabu. Barabarani ana nguvu. Akisimama tu, puu, amekufa. Fikirieni gari la wakubwa linafika bariere, linazimika, wapiganaji wanashuka kulisukuma mbele ya wauza samaki. Amisi alimleta kwetu. Nilifungua jikleri ndogo, nikaipuliza, Chura akapumua vizuri. Baada ya siku nne amerudi, ugonjwa ule ule. Nikapuliza tena. Akarudi tena. Mara ya tatu ilikuwa jumapili, Papa yuko kwaya, jua linachoma, na mimi nimechoka kupuliza. Nikachomoa turnavisi kifuani, nikaikaza ile visi mizunguko miwili mizima. Chura alinguruma kama mashine ya kusaga mihogo.

"Aka! Sasa iko na nguvu!" Amisi alishangilia.

"Njo vile," nikasema, nikafunga garaji mapema, nikaenda kuogelea.

Kesho yake Amisi alifika bariere. Alikuwa amezoea injini dhaifu, ambayo usipoikanyagia haiondoki. Alipoachia ambreyaji, pedali ya gia, kama siku zote, Chura akaruka kama jina lake. Alivunja mti wa bariere, akasukuma meza, na meza ikamsukuma Komanda na kiti chake mpaka ndani ya beseni la ndakala la mama mmoja. Hakuumia. Alisimama na visamaki vidogo kwenye ndevu, na hakuna aliyecheka. Mkisikia watu mia wanashindwa kucheka jambo kama lile, jueni mna hatari kubwa.

Walikuja garajini wapiganaji sita, na Komanda mwenyewe.

"Amisi anasema mulikaza visi ya gari yangu ili iniue. Nani alikaza?"

Niliangalia viatu vyangu. Wanangu, nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, na niliangalia viatu vyangu.

Papa Kashindi alijifuta mikono polepole. "Miye," alisema.

"Weye mzee? Juu ya nini?"

"Nilifanya vibaya. Mikono ya mzee, haisikii tena."

Wakamchukua. Walimfungia ndani ya stoo ya pamba pale bandarini, na Komanda akatoa amri yake mbele ya watu wote. Kesho adhuhuri Chura atasimama mbele yake akiwa amewashwa, hakuna mguu juu ya pedali, Komanda akila chakula chake cha mchana. Akimaliza kula na gari bado linapumua, mzee anarudi kwake. Likizimika kabla, "mutamutafuta ziwani." Siku zile kila mtu alijua maana ya kutafutwa ziwani.

Na kulikuwa na jambo jingine. Chura alikuwa akinyunyiziwa dawa kabla ya kila safari, kama wapiganaji wenyewe, na Komanda alikuwa ameamua kwamba mikono yetu isiyochanjwa ndiyo iliyoiharibu. Tangu saa ile, mtu asiyechanjwa haruhusiwi kumgusa hata tairi.

"Sasa nani atatengeneza?" nikauliza, sauti yangu kama ya mtoto.

"Weye utasema," Komanda alisema, "Amisi atafanya."

Amisi! Amisi ambaye shuleni alishindwa kufungua kisanduku cha chaki.

Asubuhi nilifika bandarini. Mlinzi mwenye mkuki na kofia nzuri ya mzungu, ile laini ya manyoya yaliyoshindiliwa, alichora mstari mchangani hatua tatu kutoka kwa Chura.

"Mikono nyuma," aliniambia. "Ukivuka huu mstari, ni juu yako."

Basi nikafunga mikono mgongoni. Kutoka pale niliona mlango wa stoo ya pamba, na juu ya mlango tundu dogo la hewa. Nilijua Papa yuko nyuma yake na anasikia kila kitu.

"Kwanza rudisha ile visi mizunguko miwili," nilimwambia Amisi.

"Visi gani?"

"Ile ndogo."

"Zote ziko ndogo."

"Ya kushoto!"

"Kushoto yako ao yangu?"

Mlinzi alianza kucheka kwa pua. Saa nzima ilipita kwa kushoto yangu na kushoto yake, na mikono yangu huko nyuma ilikuwa inakunjana na kukunjuana yenyewe. Mara mbili niliusogelea mstari, mara mbili mkuki ulinikumbusha. Hatimaye visi ikarudi mahali pake, Chura akawashwa, akapumua mara chache, puu. Kimya.

Kama ningekuwa na ruhusa ya kugusa, sasa hivi ningekuwa nimeshafungua jikleri, nimepuliza, nimejisifu. Sikuwa na ruhusa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kusikiliza. Nikafumba macho kama Papa.

"Washa tena."

Hakuna mluzi. Hakuna kutetemeka. Hakuna moshi mweusi, ningeunusa. Injini ilikuwa inapumua vizuri kabisa, halafu ghafla inakatwa pumzi, kama mtu aliyepaliwa na maji. Ukiisubiri kidogo, inawaka tena kama hakuna kilichotokea, halafu inapaliwa tena. Hii si injini mbovu, nikawaza. Hii inakunywa kitu kibaya.

"Amisi, esanse unatoa wapi?"

"Kwenye pipa, pamoja na ile lori ya askari."

"Na lori iko na shida?"

"Lori? Hapana. Iko nzuri sana."

"Ugonjwa wa Chura unaanzaka lini?"

Alifikiri. "Tukitoka safari. Siku ya pili ao ya tatu."

"Na kabla ya safari munafanyaka nini?"

"Mama Feza anakuja na chungu yake ya dawa, ananyunyiza na majani. Kapo, tairi, milango, yote."

Mama Feza alikuwa mganga wao, mwanamke mkavu mwenye sauti ndogo, Komanda mwenyewe alimwogopa.

"Na ile inayobakia mu chungu?"

Amisi alianza kufuta kapo kwa mkono wa shati, akafuta mahali pamoja tu mpaka pakang'aa.

Nilimwomba mlinzi glasi yake ya chai. Nikamwelekeza Amisi afungue kizibo chini ya karburateri, esanse iliyomo idondokee ndani ya glasi, aiinue juani. Esanse ilikuwa ya manjano, safi. Na chini yake, juu ya kitako cha glasi, yalikaa matone matatu ya maji, mviringo, yanabingirika kama shanga.

Maji hayachanganyiki na esanse, wanangu, yanazama chini. Barabarani injini inavuta kwa nguvu, inayameza. Lakini ukiinua mguu, tone linakuja kwenye kile kitundu chembamba cha ralanti, linakaa mlangoni, injini inakosa pumzi. Mimi nilikuwa nikipuliza matone, nao wenye Chura walikuwa wakiongeza mengine kila safari.

Amisi aliyaangalia matone yale, akasogea mpaka kwenye mstari.

"Mama Feza alisemaka dawa isimwangwe chini," alininong'oneza. "Ikimwangwa chini imekufa. Sasa ile inabakia, miye niiweke wapi? Nikaona gari nayo iko na tumbo. Nikamimina mu tangi, ili risasi isiingie hata ndani."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikisema ukweli kwa Komanda, Amisi ameharibu gari kwa dawa na dawa kwa gari, atatafutwa ziwani yeye. Nikinyamaza, atatafutwa Papa. Na mimi ndiye mwenye visi, nasimama pale mzima, mikono nyuma. Niliona aibu mpaka shingoni.

"Muko munaangalia nini?"

Mama Feza alikuwa nyuma yetu na chungu chake. Hakungoja jibu. Alimnyang'anya Amisi glasi, akaiinamisha upande huu na upande ule, akatazama matone yanavyobingirika.

"Nani amenywesha gari dawa yangu?"

Amisi alipiga magoti.

"Simama, utachafua suruali. Unafikiri sijui maji chini ya mafuta? Nimeuza mawese soko ya Sange miaka kumi na mbili. Walikuwa wananiletea makopo nusu mafuta nusu mto." Akanigeukia. "Na weye wa mikono nyuma, unataka nini?"

"Mama, tangi itolewe yote. Lakini dawa imekatazwa kumwangwa chini."

"Nilisema isimwangwe chini. Nilisema isirudi ziwani?" Akapaza ile sauti yake ndogo, na wapiganaji wote wakageuka. "Dawa imejaa ndani ya hii gari mpaka imezidi! Leo inarudi kwa maji yake. Leteni makopo!"

Komanda, kutoka kwenye kiti chake, aliitika kwa kichwa. Aliyekuwa na swali alilimeza.

Tulitoa tangi yote kwenye makopo, tukayaacha yatulie, maji yakazama. Amisi alichota esanse ya juu juu, na yale maji ya chini akina mama wa samaki waliyapeleka ziwani kwa heshima kubwa, wakiimba. Ila hata esanse ya juu hubaki na vitone ndani yake, na tulikuwa hatuna ngozi laini ya kuchujia. Papa alikuwa amenifundisha kwamba kofia nzuri ya mzungu inafanya kazi ile ile: ikishalowa esanse, inapitisha esanse na kuzuia maji. Nikaangalia kofia ya mlinzi. Mama Feza aliona ninapoangalia.

"Vua," alimwambia.

"Mama, hii niliipata vitani."

"Vua."

Tulichuja tangi nzima kwa kofia ile. Mlinzi alisimama kichwa wazi juani akihesabu kila kopo kama anahesabu maiti.

Adhuhuri Komanda alinawa mikono. Wakamletea ugali na samaki, mukeke mzima wa kuchoma, mkubwa, macho yametoka. Amisi akamwasha Chura, akainua mguu, akashuka, akafunga mlango taratibu. Chura akapumua peke yake.

Sijawahi kuona mtu anakula polepole namna ile. Alianza na mkia. Alitoa mfupa mmoja mmoja, akaupanga kando ya sahani, akaulinganisha na mwenzake. Alisimulia habari ya mjomba wake. Tak tak tak, Chura anapumua. Mimi nyuma ya mstari nilikuwa nimebana vidole vyangu mpaka vimekufa ganzi, namwangalia mukeke anavyopungua, namwomba Mungu ampunguze haraka.

Alipofika shingo ya samaki, Chura akakohoa. Mara moja, kwa nguvu, sauti ikashuka mpaka karibu na kufa. Komanda aliacha kutafuna.

"Ile ni nini?"

"Amebeua," alisema Mama Feza bila kugeuka. "Ameshiba."

Lilikuwa tone la mwisho lililojificha kwenye mrija. Chura alilimeza, akapanda, akarudi kwenye tak tak yake. Komanda akatafuna tena. Akanyonya kichwa. Akala macho. Akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, nikaanza kutoa pumzi, naye akasema:

"Ongezeni mukeke moja."

Nilikaa chini mchangani. Mlinzi alinihurumia, akaniacha nikae.

Wa pili alimla haraka kidogo, alikuwa mdogo. Alipomaliza kunawa, Chura alikuwa bado anapumua, na Komanda akaonyesha stoo kwa kidole kilicholowa. "Fungulieni ule mzee."

Papa Kashindi alitoka na pamba nywele nzima, amezeeka miaka thelathini kwa siku moja. Hakunitazama. Alipita kando ya Chura, akasimama, akainamisha kichwa.

"Robo," alisema. "Robo ya mzunguko. Iko juu kidogo." Na akanyoosha mkono.

"Usiguse!" tulipiga kelele watu mia.

Papa alishtuka, akafunga mikono mgongoni, akamwomba Amisi kwa adabu arudishe robo mzunguko. "Visi ya kushoto," alimwambia. "Kushoto yangu."

Tulirudi kwa miguu kando ya ziwa, yeye mbele, mimi nyuma. Sikuweza kuimaliza njia ile bila kusema.

"Papa, ile visi ni miye."

"Najua. Nilisikia Chura akipita kanisani. Niliimba vibaya beti mbili."

"Sasa mbona ulisema ni weye?"

"Weye ungelia. Ukilia, wangekupiga. Miye nilishalia yote kwa mzungu." Alitembea kidogo. "Na nilikuwa nangoja uniambie. Nilifikiri utachelewa zaidi."

Nililia hapo hapo, akanipa kitambaa. Kilinuka mafuta, na wote wawili tulikijua. Halafu akanyoosha kiganja.

"Lete turnavisi."

Nikachomoa ile ya mpini mwekundu, nikampa. Akaitia mfukoni mwake.

"Utaipata siku utaniambia ugonjwa wa gari mikono ikiwa nyuma."

Nilidhani ni wiki moja. Lakini baada ya miezi michache majeshi ya serikali yakaingia, na Uvira yote ikatawanyika. Sisi tulivuka kwa mtumbwi. Papa na mke wake walivuka mto Ruzizi kwa miguu. Sikumwona kwa miaka.

Mwaka wa tatu wa ukimbizi, Buyenzi, Bujumbura, nikasikia kuna mzee wa Uvira anaziba mipira ya baiskeli kando ya barabara. Nilikwenda. Alikuwa yeye, amekonda, meno yamepungua, amekaa juu ya kopo kama zamani. Tulisalimiana, tukaulizana waliokufa. Hakuwa na garaji, hakuwa na kitu. Tukiwa tunaongea, kamioneti ikasimama nyuma yangu kumngoja mtu, injini imewashwa. Sikugeuka. Mikono yangu ilikuwa imeshajifunga mgongoni, ilikuwa imezoea tangu siku ya Chura.

"Ile iko inavuta hewa," nikasema, "chini ya karburateri. Upande wa nyuma."

Papa aliinamisha kichwa. "Upande wa mbele."

"Wa nyuma, Papa."

Tulimwomba shofere afungue kapo. Papa mwenyewe alipitisha kitambaa chenye esanse kwenye maungio. Mbele, kimya. Nyuma, sauti ikabadilika.

Aliingia ndani ya kibanda chake, na nikamsikia mke wake akimgombeza: "Njo ile hiyo? Tumevuka na watoto wawili na sufuria moja. Nilimwambia abebe sufuria ya pili, akakataa, ati mfuko umejaa kitu cha watu." Akatoka na kitu kimeviringwa ndani ya kitambaa. Mpini wake mwekundu ulikuwa umepauka.

Akaniwekea mkononi, akanionyesha injini kwa kidevu.

"Sasa gusa," alisema.